Royal Ivey: Mchezaji wa benchi aliyeipeleka Sudan Kusini Olimpiki

Julai 20, 2024, ukumbi wa O2, London. Ni mapumziko, na ubao unasomeka hivi: Sudan Kusini 58, Marekani 42.

Hujakosea kusoma. Marekani ile ile yenye LeBron James na Stephen Curry ilikuwa nyuma kwa pointi 16. Aliyewatesa ni nchi iliyopata uhuru mwaka 2011, ambayo haikuwa hata na ukumbi wa ndani wa kuchezea kikapu.

Mwishoni LeBron aliwaokoa. Zikiwa zimebaki sekunde 8 hivi, aliingia ndani na kufunga. Marekani wakashinda 101-100. Ilikuwa mechi ya kirafiki tu kabla ya Olimpiki, lakini dunia nzima ya kikapu ilibaki inaulizana: hawa jamaa wametoka wapi, na kocha wao ni nani?

Kocha ni Royal Ivey. Ukifungua takwimu zake za uchezaji NBA utakuta wastani wa pointi 3.3 kwa mechi. Ndiyo, tatu na kitu. Sasa mtu wa namna hiyo aliwezaje kufika pale? Twende taratibu.

Alianzia wapi

Ivey alizaliwa Desemba 20, 1981, mtaa wa Harlem, New York. Kabla ya chuo alipita shule ya bweni iitwayo Blair Academy, jimbo la New Jersey. Huko alicheza na mtoto mrefu mkimya aliyeitwa Luol Deng.

Deng alizaliwa Wau, Sudan Kusini ya leo. Vita viliikimbiza familia yake hadi Misri, kisha London, na kikapu ndicho kilichompeleka Marekani. Kumbuka urafiki huo, tutaurudia.

Ivey akaenda Chuo Kikuu cha Texas. Mwaka 2003 chuo hicho kilifika nusu fainali ya mashindano ya taifa ya vyuo, naye akiwa kikosini. Mwaka 2004 akaingia kwenye drafti, yaani siku timu za NBA zinapochagua vijana wapya. Deng alichaguliwa wa 7. Ivey alichukuliwa na Atlanta Hawks akiwa wa 37.

Miaka ya kufungasha begi

Baada ya Atlanta alikwenda Milwaukee Bucks. Halafu Philadelphia 76ers. Akarudishwa Milwaukee. Akaenda Oklahoma City Thunder. Akarudi tena Philadelphia. Timu nne, mbili kati yake alizipitia mara mbili, ndani ya karibu miaka kumi.

Kwa wasiojua, NBA mchezaji anaweza kubadilishwa na mwingine hata msimu ukiwa katikati. Leo unalala mji huu, kesho unaambiwa panda ndege, una kocha mpya, mfumo mpya na wenzako wapya. Staa hubembelezwa abaki. Mchezaji wa pembeni hufungasha begi.

Wengi huyaona maisha hayo kama kushindwa. "Kila timu inamkataa," watasema. Lakini liangalie upande wa pili: kama kila timu inamkataa, mbona kila mara kuna nyingine inamtaka?

Walimtaka kwa sababu alikuwa anakaba. Hakulalamika, alijua mfumo, na akiingia kwa dakika tano hakuharibu. Kwenye ligi iliyojaa watu wanaotaka kupiga mpira wao, mtu wa hivyo ni lulu.

Benchi linafundisha nini

Mechi ya NBA ni dakika 48. Wanaocheza kwa wakati mmoja ni watano, na makocha wengi huzungusha watu wanane hadi kumi. Waliobaki wanakaa. Unaweza kukaa na kuchati kichwani mwako, au unaweza kukaa na kusoma mchezo.

Ukiusoma, unaona mambo ambayo staa hana muda wa kuyaona. Unaona kocha anaomba muda wakati gani na kwa nini. Unaona mchezaji fulani akikaripiwa anazama, na mwingine akikaripiwa anawaka. Unaona timu inavyoanza kuvunjika vyumbani kabla haijavunjika uwanjani.

Na ukihama timu nne unayaona yote hayo kwa makocha tofauti. Wahenga walisema tembea uone. Ivey alitembea, akaona. Mwaka 2012 alikuwa na Thunder ya Kevin Durant, Russell Westbrook na James Harden iliyofika fainali ya NBA na kufungwa na Miami Heat.

Si yeye peke yake. Siku ile London, kocha wa Marekani alikuwa Steve Kerr. Naye alikuwa mchezaji wa pembeni, alipita timu sita, wastani wake ni pointi 6. Baadaye akaipa Golden State Warriors mataji manne kama kocha: 2015, 2017, 2018 na 2022. Kwa hiyo mechi ile ya mastaa ilikuwa inaendeshwa na watu wawili ambao enzi zao walikuwa wanaingia kupumzisha mastaa.

Inaeleweka. Staa mara nyingi hawezi kueleza anafanyaje, kwake linakuja tu. Aliyelazimika kujifunza kila hatua ndiyo abaki kazini, huyo ana maneno ya kumfundishia mwingine.

Kazi ya chini kwanza

Ivey hakuruka moja kwa moja kuwa kocha mkuu. Mwaka 2014 alianza kama msaidizi Oklahoma City Blue, timu ya vijana wanaotafuta nafasi ya kupanda NBA. Mwaka 2016 akapandishwa Thunder yenyewe. Akaenda New York Knicks, halafu Brooklyn Nets, na mwaka 2023 Houston Rockets. Kote huko ni msaidizi. Begi bado halijapumzika.

Ndipo rafiki wa shuleni anaporudi kwenye hadithi.

Deng alistaafu mwaka 2019 akiwa amecheza mechi ya mastaa wa NBA mara mbili. Akachukua uongozi wa shirikisho la kikapu la Sudan Kusini, na mengi aliyalipia kwa pesa yake ya mfukoni. Kuna wakati alisimama mwenyewe kama kocha. Mwaka 2021 timu akamkabidhi Ivey, ambaye aliifanya kazi hiyo huku akiendelea na ajira yake NBA.

Kutoka Kigali hadi Olimpiki

Mwaka huo huo wa 2021 Sudan Kusini walicheza AfroBasket kwa mara ya kwanza, mjini Kigali. Waliitoa Kenya na kufika robo fainali.

Kwenye kufuzu Kombe la Dunia walicheza mechi 12, wakashinda 11. Mwaka 2023 kule Ufilipino waliifunga China 89-69, wenyeji Ufilipino 87-68 na Angola 101-78. Wakamaliza wakiwa timu bora ya Afrika, na tiketi ya Olimpiki ikawa mkononi.

Hapa ndipo elimu ya benchi ilipofanya kazi. Timu ya taifa haina muda. Wachezaji wanatoka ligi za nchi mbalimbali, wanakutana siku chache, wanacheza, wanatawanyika. Wengine walizaliwa au kukulia ukimbizini, hapa jirani zetu Kenya na Uganda au mbali kama Australia. Kocha hana miezi ya kujenga mfumo mgumu. Anachoweza ni kumpa kila mmoja kazi moja inayoeleweka na kumfanya aamini kwamba kazi hiyo ni muhimu. Nani anajua hilo kuliko mtu aliyeishi kwa kazi moja inayoeleweka?

Julai 28, 2024, Lille, Ufaransa, mechi ya kwanza ya Olimpiki. Kabla ya mpira kurushwa ukapigwa wimbo wa taifa ambao si wao, ulikuwa wa Sudan. Wachezaji walisimama wakisubiri mpaka ukapigwa wa kwao. Kisha wakaifunga Puerto Rico 90-79.

Baadaye walifungwa na Marekani 103-86 na Serbia 96-85, wakarudi nyumbani. Lakini ushindi wa kwanza wa Olimpiki walishauandika.

Na huku kwetu?

Tanzania tuna mtu wetu aliyetembea. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa 2 kwenye drafti ya mwaka 2009, mbele ya Harden aliyekuwa wa 3 na Curry aliyekuwa wa 7. Alipita Memphis, Houston, Portland na Oklahoma City, halafu akacheza Japan na Taiwan.

Tukimzungumzia vijiweni, mara nyingi tunaishia kwenye "angefika mbali zaidi". Tunahesabu pointi zake. Hatuhesabu makocha waliomfundisha, mifumo aliyoijua na mazoezi aliyoyapitia. Hiyo ni elimu ambayo shule nyingi za hapa nchini hazina mtu wa kuifundisha. Sudan Kusini waliwakusanya waliotembea, wakawapa kazi. Na wao walianza na viwanja vya wazi kama vyetu tu.

Kwa hiyo kama uko Namasakata au Songea mjini, na una mdogo wako au mwanao aliyechaguliwa timu ya UMISSETA akarudi analia kwamba hakuchezeshwa hata dakika moja, usimwambie aache. Muulize maswali matatu: Kocha alisema nini mlipokuwa nyuma? Mpinzani alikuwa anapitia upande gani? Wewe ungefanya nini?

Akiweza kujibu, basi alikuwa kazini muda wote. Ivey alianza hivyo hivyo.