Hakuna Masika Yasiyo na Mbu: Faida na Hatari za Dawa za Kupunguza Uzani

Utangulizi

Lugha huhifadhi mtazamo wa jamii kuhusu mwili wa binadamu. Katika Kiswahili, mtu aliyeongeza nyama kidogo husifiwa kuwa amenawiri, ilhali aliyekonda huulizwa ana maradhi gani. Hofu ya kukonda ilizidi katika miaka ya 1980 na 1990 UKIMWI ulipoenea Afrika Mashariki, hata nchini Uganda ugonjwa huo ukapewa jina la Slim. Siku hizi mambo yamegeuka. Madaktari wanauhusisha unene uliokithiri na kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo na baadhi ya saratani, na watu wengi wanatafuta dawa za kuupunguza. Makala haya yananuia kubainisha jinsi dawa hizo zinavyofanya kazi, faida zake na hatari zake.

Yafaa kwanza kueleza unene uliokithiri ni nini. Shirika la Afya Duniani hutumia kipimo kinachopatikana kwa kugawanya uzani wa mtu kwa kilo na kimo chake kwa mita kilichozidishwa kwa kimo hicho hicho. Anayefikia 25 ana uzani uliozidi. Anayefikia 30 ana unene uliokithiri. Kwa mfano, mtu mwenye kimo cha mita 1.6 na uzani wa kilo 77 amefikia 30. Hata hivyo, kipimo hiki hakitofautishi misuli na mafuta, hivyo hakitoshi peke yake kuamua matibabu.

Historia yenye mafunzo

Dawa za kupunguza uzani si jambo geni. Katika miaka ya 1930, Wamarekani wengi walimeza kemikali iitwayo dinitrofenoli, ambayo huufanya mwili kuchoma nishati kwa kasi. Waliitumia wakakonda, lakini baadhi yao walipata mtoto wa jicho na wengine wakafa miili ikiwaka joto. Mwaka wa 1938 matumizi yake kwa binadamu yalikomeshwa nchini humo. Mwaka wa 1997 fenfluramini iliondolewa sokoni baada ya kubainika kuwa inaharibu vali za moyo. Sibutramini nayo iliondolewa Ulaya na Marekani mwaka wa 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wagonjwa wenye maradhi ya moyo. Katika visa hivi vyote, uzani ulipungua kweli. Madhara ndiyo yaliyochelewa kuonekana.

Dawa mpya na utendaji wake

Dawa zinazovuma leo zina asili tofauti. Mtu anapokula, utumbo hutoa homoni iitwayo GLP-1. Homoni hiyo huchochea kongosho kutoa insulini, huchelewesha chakula tumboni na kuuarifu ubongo kwamba mtu ameshiba. Tatizo ni kwamba homoni ya asili huvunjwavunjwa mwilini kwa dakika chache. Watafiti walipata kidokezo katika mate ya mjusi mwenye sumu wa Marekani, yenye kemikali inayofanana na homoni hiyo lakini inayodumu zaidi. Kutokana na ugunduzi huo, dawa ya kisukari iitwayo eksenatidi iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2005. Baadaye ilikuja semaglutidi, ambayo hudungwa mara moja kwa wiki. Iliidhinishwa huko mwaka wa 2017 kwa kisukari, na mwaka wa 2021 kwa kupunguza uzani. Tirzepatidi ilifuata mwaka wa 2023 kwa lengo hilo hilo la uzani.

Faida

Manufaa ya dawa hizi si porojo za wauzaji. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021 na kuwahusisha watu 1,961, waliotumia semaglutidi kwa wiki 68 walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 ya uzani wao, huku waliodungwa sindano isiyo na dawa wakipungua kwa asilimia 2.4. Fauka ya hayo, utafiti wa mwaka wa 2023 uliohusisha zaidi ya watu 17,000 wenye uzani uliozidi na maradhi ya moyo, lakini wasio na kisukari, ulionyesha kuwa dawa hiyo ilipunguza kwa asilimia 20 vifo vya moyo, mishtuko ya moyo na viharusi. Kwa mgonjwa wa aina hiyo, suala si urembo bali ni uhai.

Hatari

Hata hivyo, hakuna masika yasiyo na mbu. Kichefuchefu, kutapika, kuhara na kufunga choo huwapata watumiaji wengi. Wachache hupata uvimbe wa kongosho au vijiwe katika mfuko wa nyongo. Majaribio ya panya yalionyesha uvimbe wa tezi ya koo, na ndiyo maana mtu ambaye katika ukoo wake kuna aina fulani ya saratani ya tezi hiyo hukatazwa kuitumia. Mwanamke anayetaka kushika mimba anashauriwa kuacha semaglutidi angalau miezi miwili kabla. Isitoshe, pamoja na mafuta, mwili hupoteza misuli.

Hatari nyingine hujitokeza mtu anapoacha dawa. Baadhi ya washiriki wa utafiti wa 2021 walifuatiliwa kwa mwaka mmoja baada ya kuacha sindano, ikabainika kuwa walirejesha takriban theluthi mbili za uzani waliopoteza. Hivyo, anayeanza dawa hii sharti ajiulize kama ataweza kuigharamia kwa muda mrefu.

Zaidi ya hayo kuna bidhaa ghushi. Mnamo Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu semaglutidi bandia iliyopatikana Brazili, Uingereza na Marekani. Nayo sibutramini imewahi kugunduliwa ndani ya vidonge vinavyouzwa kama mitishamba asilia. Anayenunua sindano kichochoroni hawezi kujua kilichomo, wala kama ilihifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 inavyotakiwa kabla ya kutumiwa.

Hitimisho

Ni bayana kwamba dawa hizi ni tiba ya ugonjwa, si pambo la harusi wala njia ya mkato kwa anayetaka kupunguza kilo tatu. Anayezihitaji kweli hastahili kuchekwa kuwa ni mvivu, kwa maana unene hutokana pia na urithi na mazingira. Naye asiyezihitaji hana sababu ya kubeba madhara yake. Nchini Kenya, kazi ya kusajili dawa ni ya Bodi ya Dawa na Sumu. Kwa hivyo inafaa mnunuzi ahakikishe dawa imesajiliwa, aende kwenye duka la dawa lenye leseni, na aanze kwa kumwona daktari atakayempima na kumfuatilia. Lishe bora na mazoezi vinabaki kuwa vya lazima hata kwa anayedungwa sindano, kwani ndivyo vinavyolinda misuli yake na kumsaidia siku atakapoacha dawa.