Wati, Saa na Friji la Mtumba

Umeme unaotumiwa na kifaa hutegemea nguvu yake, inayopimwa kwa wati, na muda kinaokaa kimewashwa. Kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa moja hutumia kilowati-saa moja, ambayo ndiyo uniti moja inayonunuliwa kwa LUKU Tanzania au kwa tokeni Kenya. Wanunuzi wengi huangalia wati peke yake, na hapo ndipo hesabu inapopotoka. Jagi la umeme la wati 2,000, linalosifika kwa ulafi, huchemsha maji ya chai kwa dakika nne hivi na kutumia uniti 0.13 tu. King'amuzi kinachovuta wati 10 bila kuzimwa usiku wala mchana humaliza zaidi ya uniti 7 kwa mwezi, na ni nadra kulaumiwa.

Kifaa cha kufikiriwa kwanza, basi, ni kile kisichopumzika, na katika nyumba nyingi hicho ni friji. Friji la mtumba huuzwa kwa bei ya kuvutia, lakini kama mpira wa mlango umelegea na kompresa imezeeka, linaweza kula uniti 400 au zaidi kwa mwaka. Friji jipya la ukubwa wa kadiri, lenye kompresa ya inveta, huweza kutosheka na 180 hivi. Kwa mwezi hizo ni uniti 33 dhidi ya 15. Nchini Tanzania, mteja wa daraja la D1 hununua umeme kwa bei nafuu mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Friji chakavu peke yake humlia karibu nusu ya kiasi hicho, na uniti zinazozidi hapo hutozwa bei ya juu zaidi. Unafuu wa dukani hurudishwa kidogo kidogo kwenye mita.

Ubora wa inveta uko katika mwendo wa kompresa. Kompresa ya kawaida ama huenda kwa nguvu zote ama husimama. Ya inveta hupunguza au kuongeza kasi kulingana na joto lililomo ndani, na huanza taratibu bila kuvuta umeme mwingi kwa mkupuo, jambo lenye manufaa makubwa kwa nyumba zinazotumia sola na betri.

Kwa upande wa mazingira, cha kuangaliwa ni gesi, ambayo jina lake huandikwa kwenye kibati kilichobandikwa ndani au nyuma ya friji. Mafriji ya zamani yalitumia R-12, gesi inayotoboa tabaka la ozoni, ambayo iliwekewa mipaka na Itifaki ya Montreal ya 1987. Mrithi wake, R-134a, haidhuru ozoni, ila ikivuja hunasa joto angani zaidi ya mara 1,300 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule. Ndiyo maana gesi za jamii yake zinapunguzwa chini ya makubaliano ya Kigali ya Oktoba 2016. Gesi nyingine ya mafriji, R-600a, haina madhara hayo mawili kwa kiasi cha kutisha. Kwa kuwa hushika moto, friji lake likiharibika lisipewe fundi wa kubahatisha.

Lebo husaidia, ikisomwa vizuri. Kenya hutumia nyota moja hadi tano. Umoja wa Ulaya ulifuta alama za A+++ kwenye mafriji mwaka 2021 na kurudi kwenye A hadi G kwa vigezo vikali zaidi, kwa hiyo C ya sasa huweza kuishinda A+ ya zamani. Alama hizi hulinganisha vifaa vya ukubwa unaokaribiana: friji kubwa la nyota tano huweza kutumia umeme mwingi kuliko dogo la nyota tatu. Takwimu ya kuaminika zaidi ni kilowati-saa kwa mwaka, iliyoandikwa kwenye lebo hiyohiyo.

Jikoni, presha ya umeme huivisha maharage kwa uniti isiyofika moja, kwa sababu huziba mvuke na kujizima joto likitosha. Jiko la koili hukaa limewaka kwa saa nyingi. Kwenye taa hakuna mjadala: balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga sawa na ya waya ya wati 60. Katika miji ya pwani, feni ya wati 60 ijaribiwe kabla ya kiyoyozi, ambacho kikiwa cha BTU 12,000 huvuta takriban wati 1,000.

Kifaa kipya hakiokoi kitu iwapo cha zamani kitahamishiwa stoo na kuendelea kupozea soda. Likitupwa, friji kuukuu linahitaji fundi mwenye mashine ya kunyonya gesi kabla wanunuzi wa vyuma chakavu hawajakata mabomba yake.