Je, Wajua? Mbwa Mwenye Uvimbe na Kifafa

Je, wajua kwamba mbwa aliyeanguka kwa kifafa hawezi kumeza ulimi wake? Wengi hukimbilia kumfungua kinywa, wengine humtia kijiko kati ya meno. Usifanye hivyo. Wakati huo mbwa hajui ni mkono wa nani uko mdomoni mwake, na taya zake hufunga kwa nguvu zote. Sogeza viti, mwondoe karibu na ngazi, zima redio, kisha tazama saa.

Mishtuko mingi huisha yenyewe ndani ya dakika moja au mbili. Ikizidi dakika 5, au ikijirudia ndani ya saa 24, hiyo ni dharura: joto la mwili hupanda na ubongo huanza kudhurika. Mlowanishe tumbo na nyayo kwa maji ya bomba, yasiwe ya barafu, na umpeleke kwa daktari wa mifugo hata ikiwa usiku wa manane. Kama kuna mtu wa pili nyumbani, apige video kwa simu. Ni nadra sana daktari kuuona mshtuko wenyewe, na video hiyo humpa mengi kuliko maelezo ya mtu aliyetishika.

Je, wajua kuwa baada ya mshtuko mbwa anaweza kuwa haoni kwa muda? Huzunguka, hugonga ukuta, humkodolea macho bwana wake kama mgeni. Mpe nafasi na mwite kwa jina polepole. Watoto wakae mbali.

Je, wajua kwamba umri wa mbwa humwambia daktari mengi hata kabla ya kipimo chochote? Kifafa cha kurithi kwa kawaida huanza kati ya miezi 6 na miaka 6. Mbwa aliyefika miaka 9 bila shida, kisha akaanza kuanguka, ndiye anayetiliwa shaka ya uvimbe kwenye ubongo. Unaoongoza kwa mbwa ni meninjioma, unaoota kwenye utando unaofunika ubongo. Wenye pua fupi, kama boksa, hupata zaidi glioma. Dalili nyingine za kuangalia: kuzunguka upande mmoja tu, au kusimama kwenye kona asijue namna ya kutoka.

Je, wajua kwamba uvimbe unaoleta kifafa huenda usiwe kichwani kabisa? Upo unaoota kwenye kongosho na kumwaga insulini bila kipimo. Sukari ya damu hushuka, ubongo unakosa chakula, mbwa anaanguka, mara nyingi akiwa na njaa au ametoka kukimbia. Tone moja la damu kwenye kipimo cha sukari linaweza kufichua siri hiyo. Mshtuko ukishatulia, mpake asali kidogo kwenye ufizi, kisha mpe chakula akiweza kumeza. Mbwa huyu hulishwa mara nyingi, kidogo kidogo.

Je, wajua kwamba dawa ya kuogeshea ng'ombe inaweza kumtia mbwa kifafa? Baadhi ya dawa hizo zina sumu ya kundi la oganofosfeti, na watu huzimimina kwa kukisia ili kumaliza kupe. Hata vidonge vya kisasa vya kupe vya kundi la isoksazolini vinahitaji tahadhari: mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kwamba vinaweza kuleta mishtuko kwa baadhi ya mbwa. Mwenye mbwa wa kifafa amwambie daktari kabla ya kuvinunua.

Na hili lisisahaulike: mbwa asiyechanjwa akianza kutukutika, kudondosha mate na kubadilika tabia, fikiria kwanza kichaa cha mbwa. Usimshike. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Je, wajua kwamba fenobabitoni anayopewa mbwa leo ilianza kutibu kifafa cha binadamu mwaka 1912? Daktari Mjerumani, Alfred Hauptmann, aliwapa wagonjwa wake ili walale, akaona mishtuko inapungua. Mbwa humeza kila baada ya saa 12, na saa hizo ziheshimiwe. Wiki mbili za mwanzo atayumba, atakunywa maji sana na njaa yake itakuwa ya ajabu, hivyo sufuria ya ugali iwekwe juu. Ubaya mkubwa ni kuikatiza ghafla kwa sababu "amepona": mishtuko hurudi kwa kasi na inaweza kumuua. Daktari akitaka kupima damu na ini, mpeleke.

Mwenzake, potasiamu bromaidi, ni mkongwe zaidi, tangu 1857. Huyu hana maelewano na chumvi. Wiki ukimlisha mbwa dagaa wa chumvi na wiki nyingine ugali mtupu, dawa itapanda na kushuka mwilini, na utaona mishtuko bila kujua imetoka wapi.

Je, wajua kwamba kidole hakiwezi kutofautisha uvimbe mwema na saratani? Uvimbe wa mafuta ni laini na huteleza chini ya ngozi, mbwa wazee wengi wanao. Lakini ipo saratani ya ngozi inayoiga ulaini huo huo. Daktari huchoma sindano nyembamba, hunyonya chembe na kuzitazama kwa darubini. Nyumbani, weka sarafu kando ya uvimbe, piga picha, andika tarehe. Rudia kila mwezi.

Je, wajua kwamba jike akiondolewa kizazi kabla hajaingia joto la kwanza, hatari yake ya uvimbe wa matiti hubaki karibu asilimia 0.5 tu ya ile ya jike asiyeondolewa? Utafiti uliotoa takwimu hiyo ni wa mwaka 1969.

Je, wajua kuwa ipo saratani ambayo mbwa huambukizana? Huota kwenye sehemu za siri na kutoa damu, na mbwa wanaozurura huipata sana. Hapo hakuna virusi: chembe za saratani zenyewe huhama kutoka mwili mmoja hadi mwingine wakati wa kupandana. Zote duniani zimetokana na mbwa mmoja aliyeishi Asia kati ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita, kwa makadirio ya utafiti wa vinasaba wa 2019. Habari njema ni kwamba hutibika. Dawa yake, vinkristini, asili yake ni kimea cha Madagaska chenye maua ya waridi ya petali tano, kile kile kinachopandwa mbele ya nyumba nyingi za pwani yetu. Usimchemshie mbwa majani yake, ni sumu. Dawa huchomwa kwenye mshipa mara moja kwa wiki, kwa wiki kadhaa, na wengi hupona kabisa. Katika siku hizo vaa glavu unaposafisha mkojo na kinyesi chake.

Je, wajua kwamba parasetamoli na ibuprofeni za binadamu zinaweza kumuua mbwa? Ziko dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili yake. Ziombe bila aibu, kwani mbwa mwenye saratani anaumia hata asipolia.

Je, wajua kuwa upo mzani wa kupima kama maisha ya mbwa mgonjwa bado yanavumilika? Aliutunga Alice Villalobos, daktari wa mifugo wa Marekani. Mambo saba hupewa alama 0 hadi 10: kutosumbuliwa na maumivu, kula, maji, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema ni nyingi kuliko mbaya. Jumla ikizidi 35, matunzo yana sababu ya kuendelea. Jazeni watu wawili, kila mmoja kivyake, kisha mlinganishe.

Ikifika daktari kumlaza mbwa usingizi wa mwisho kwa sindano, jueni kwamba ina pentobabitoni, ndugu wa fenobabitoni, na sumu yake hubaki kwenye nyama. Tai au mbwa wa jirani akifukua mzoga na kuula, naye hufa. Chimbeni shimo la mita moja au zaidi, na juu yake pangeni mawe.