Kwa nini mkopo wa nyumba ungali ndoto kwa mwenye kipato cha chini

KUMILIKI nyumba ni ndoto ya karibu kila Mkenya, lakini ni wachache mno wanaoitimiza kwa mkopo wa benki. Takwimu za Benki Kuu ya Kenya (CBK) zilionyesha kwamba kufikia mwisho wa mwaka wa 2023, mikopo ya nyumba kote nchini ilikuwa takriban 30,000 pekee. Sensa ya 2019 ilikuwa imehesabu zaidi ya kaya milioni 12.

Hii ni licha ya Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kumpa kila mtu haki ya makao yanayofikika na yenye hadhi. Ni kipi basi kinachomfungia nje mlinzi wa Kayole, mwalimu wa Kakamega au mama mboga wa Nakuru?

Kizingiti cha kwanza ni riba. Benki hukopesha fedha za wateja walioweka akiba, na wateja hao waweza kuzidai wakati wowote. Kuzifungia fedha hizo katika mkopo wa miaka 20 ni hatari kwa benki, nayo hujikinga kwa kupandisha riba au kufupisha muda wa kulipa.

Hesabu yenyewe inaogofya. Anayekopa Sh2 milioni kwa miaka 20 kwa riba ya asilimia 14 atalipa karibu Sh24,900 kila mwezi. Kufikia mwisho atakuwa amelipa karibu Sh6 milioni, mara tatu ya alichochukua. Riba ikiwa asilimia tisa, malipo hushuka hadi Sh18,000 hivi kwa mwezi. Ikiwa mkopaji hatakiwi kutumia zaidi ya thuluthi moja ya mapato yake kulipia nyumba, basi wa kwanza lazima apate karibu Sh75,000 kwa mwezi, na wa pili Sh54,000. Wafanyakazi wengi hawafikii hata kiwango hicho cha pili.

Kizingiti cha pili ni ushahidi wa mapato. Benki huuliza stakabadhi ya mshahara, ilhali Wakenya wengi wanaofanya kazi wamo katika sekta ya jua kali. Fundi wa magari au mchuuzi wa samaki huenda akapata fedha zaidi ya karani wa ofisini, lakini mapato yake hupanda na kushuka, na aghalabu hayajaandikwa popote.

Mashambani tatizo huchukua sura nyingine. Huko ardhi ipo, ila hati haimsaidii mkopaji. Mashamba mengi yangali yamesajiliwa kwa jina la babu aliyefariki zamani, na warithi hawajaenda mahakamani kugawana mirathi. Mwana aliyejenga humo hawezi kuiweka rehani ardhi isiyo kwa jina lake. Hata mwenye hati huhitaji idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi ikiwa shamba ni la kilimo. Isitoshe, benki hujua kwamba ni vigumu kumpata mnunuzi wa nyumba iliyozungukwa na jamaa za mdaiwa na makaburi ya wazee wao.

Ni kwa kuzingatia vizingiti hivi ambapo serikali, benki na vyama vya akiba na mikopo viliungana kuunda kampuni ya KMRC, iliyopewa leseni na CBK mwaka wa 2020. Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika ziliipiga jeki kwa mikopo. KMRC haimkopeshi mwananchi moja kwa moja. Huzipa benki na vyama hivyo fedha za muda mrefu kwa riba nafuu, nazo zimkopeshe mteja kwa riba isiyofikia asilimia 10. Mnamo 2022, kampuni hiyo ilikusanya Sh1.4 bilioni kwa kuuza hatifungani.

Mpango huo umepunguza makali ya riba, lakini haumpi hatimiliki asiyekuwa nayo, wala haugeuzi kibarua cha siku kuwa mshahara. Kwa sababu hiyo, wengi wangali wanategemea vyama vya akiba na mikopo, ambavyo hutazama akiba ya mwanachama na wadhamini wake. Mikopo hiyo huwa midogo na ya muda mfupi, hivyo nyumba hujengwa kidogo kidogo: msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, mabati baadaye. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa anayekusudia kukopa, bei ya nyumba si gharama pekee. Kuna malipo ya awali, ada za wakili na mthamini, bima, na ushuru wa stempu ambao kwa kawaida ni asilimia nne ya thamani mijini na asilimia mbili mashambani. Yafaa pia aulize kama riba yaweza kupandishwa mkataba ukiendelea, kwa maana nyongeza ndogo huweza kuvuruga bajeti ya jamii nzima.

Na akishindwa kulipa? Sheria ya Ardhi ya 2012 inamtaka mkopeshaji kumpa ilani ya muda usiopungua miezi mitatu, kisha ilani nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Aidha, nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani bila idhini ya mume au mke. Ilani hizo ni nafasi ya kuzungumza na mkopeshaji na kutafuta mpango mpya wa malipo. Anayezificha kabatini kwa aibu huja kuzinduliwa na nyundo ya dalali, na jamaa yake ikajikuta tena katika nyumba ya kupanga, bila akiba na bila shamba.