Intaneti ya satelite: hata kariere ya mbali inaweza kupata rezo

Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, watu wanalalamika kwamba rezo inakwenda pole. Lakini ukiacha barabara kubwa na kwenda upande wa Mitwaba ao Manono, kuko mafasi mengi ambako rezo haiko hata kidogo. Baba anashuka kariere, mama anabaki mjini na watoto, na habari ya mgonjwa ao ya feza ya masomo inangojea mtu wa pikipiki. Ni juu ya familia hizi tunaandika leo.

Kwa nini rezo haifiki? Mnara unaomba barabara, umeme na wateja wengi. Kampuni haiusimamishi fasi ambayo haitapata faida. Tena, intaneti yenyewe inaingia Kongo kwa kamba, kama ile ya WACS iliyopita chini ya bahari mpaka Muanda. Kamba nayo inakatika. Katika mwezi wa Agosti 2023, udongo uliporomoka chini ya bahari, mbele ya mdomo wa mto Kongo, ukakata WACS na SAT-3. Kutengeneza kulichukua majuma.

Satelite haiombi barabara wala kamba mpaka kijijini. Sahani ndogo inazungumza na satelite, na satelite inapeleka habari kwenye kituo cha chini kilichofungwa kwenye intaneti. Kampuni kubwa za migodi zinajua kazi hii tangu zamani, lakini satelite zile za zamani ziko mbali, karibu kilometa 36 000 juu yetu. Ukisema, mwenzako anasikia kiisha kitambo, na bei ilikuwa ya wakubwa. Satelite za Starlink, zilizoanza kurushwa kwa wingi 2019, zinazunguka karibu kilometa 550 tu, ni kama kwenda Kolwezi kutoka Lubumbashi na kurudi. Juu ya kuwa karibu, kila moja inapita mbio. Ndiyo maana zinahitajika maelfu, na sahani inaacha moja na kushika ingine bila wewe kujua.

Na sheria? Mnamo Machi 2024, ARPTC, mamlaka ya posta na simu, ilikataza Starlink katika nchi yetu. Mei 2025 ikatoa ruhusa. Basi kabla ya kununua, uliza kama kifaa kimeandikishwa kwa Kongo. Kile kilichofunguliwa kwa jina la mtu wa nchi ingine kinaweza kufungwa, na feza yako imekwenda.

Faida yake ni nini kwa mchimbaji? Kwanza ni bei. Bei ya shaba inatoka kila siku ya kazi kwenye soko la London, na mnunuzi wa depo iko nayo ndani ya simu. Wewe unafika na mfuko mgongoni, unasikia bei kinywani mwake. Tarehe 22 Februari 2025, Serikali ilisimamisha kutoa kobalti inje kwa miezi mine juu ya bei kuanguka. Habari ya namna ile, mwenye kuisikia siku ileile na mwenye kuisikia kiisha juma hawapangi kazi sawasawa. Ni kweli, intaneti haitengenezi kilo ya mnunuzi, wala haipimi tenere ya mawe. Lakini mtu anayejua bei haongei sawa na mtu asiyeijua.

Tusidanganyane hata hivyo. Simu yako peke yake haishiki intaneti hii: inapita kwa sahani, kiisha kwa Wi-Fi, na Wi-Fi haifiki mbali. Sahani inataka mbingu wazi, pasipo miti mikubwa. Mvua kali inaipunguza nguvu. Ya kawaida inakula karibu wati 75 mpaka 100, ile ndogo wati 25 mpaka 40. Fasi ambako SNEL haifike, hesabu na bei ya pano za jua na batri.

Mzigo huo ni mzito kwa mtu mmoja, lakini si kwa kooperative, parokia, masomo ao dispansere. Tunajua likelemba, kazi ni ileile. Sahani moja inaweza kusaidia watu makumi, kama mmepatana mbele: nani analinda, nani anachukua mchango wa kila mwezi, saa gani ni ya watoto wa masomo. Iandikeni kwenye daftari, kila mtu aone. Na mbele ya kuuza rezo kwa watu wa inje, muulize kama muko na ruhusa, juu kuuza ni kazi ingine.

Barabara ya Manono itangojea bado. Rezo inaweza kuitangulia, lakini itakuja kwanza kwa wale waliokaa pamoja na kuhesabu.