Tenisi, masomo na safari ya chuo kikuu: mambo ambayo mzazi anafaa kujua mapema

Julai 2022, Angella Okutoyi, msichana wa miaka 18 aliyelelewa na nyanya yake jijini Nairobi, alishinda taji la vijana la wachezaji wawili wawili huko Wimbledon. Yeye na mwenzake Mholanzi, Rose Marie Nijkamp, waliwashinda Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko kwa seti za 3-6, 6-4, 11-9. Mwaka uliofuata Okutoyi alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, jimbo la Alabama, Marekani, na Machi 2024 akashinda dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja kwenye Michezo ya Afrika jijini Accra.

Wakazi wengi huuliza kwa nini bingwa wa Wimbledon arudi darasani. Jibu ni gharama. Mchezaji anayeanza kulipwa hujigharamia nauli, malazi na kocha, na zawadi za mashindano madogo mara nyingi hazitoshi kurudisha pesa hizo. Mboko, ambaye wazazi wake wanatoka Kongo, alichagua njia hiyo na mwaka wa 2025 akatwaa taji la Canada akiwa na miaka 18. Wanaofaulu hivyo ni wachache mno. Chuoni, mchezaji mwenye ufadhili hupata kocha, viwanja, matibabu ya majeraha na mechi za kila wiki katika msimu, huku akisomea shahada.

Makocha wa vyuo hutafuta wachezaji dunia nzima, na kwa kijana wa Kenya hapo ndipo penye ugumu. Wao huangalia mambo mawili kwanza: nafasi yake kwenye orodha ya vijana ya ITF, na alama yake ya UTR, kipimo cha kuanzia 1 hadi 16.5 kinachotokana na matokeo ya mechi bila kujali umri. Mashindano ya ITF ya vijana ni ya umri wa miaka 13 hadi 18. Mengine huchezwa hapa Nairobi, lakini anayetaka pointi nyingi hulazimika kusafiri, na nauli hiyo imewakatisha tamaa wazazi wengi. Anayekosa uwezo wa kusafiri asiache kurekodi mechi zake kwa simu. Video ya mechi nzima, hata yenye makosa, humsaidia kocha kuliko vipande vya mipira mizuri pekee.

Jambo linalosahaulika zaidi ni ripoti ya shule. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vingi vya Marekani, hudai masomo 16 ya msingi yakiwemo Kiingereza, hisabati na sayansi, na wastani usiopungua 2.3 kati ya 4.0 kwa divisheni ya kwanza. Hesabu hiyo huanzia mwaka wa tisa wa shule. Kwa mfumo wa zamani huo ni Kidato cha Kwanza. Kwa mfumo mpya ni Gredi ya 9. Mtoto anayekosa mitihani kwa ajili ya mashindano akiwa na miaka 14, akitumaini kufidia mwishoni, huenda akakuta mlango umefungwa hata kama anapiga mpira vizuri kuliko wenzake wote. Divisheni ya pili na vyuo vya miaka miwili vina masharti yao, na mchezaji anaweza kuanzia huko kisha akahamia chuo kikubwa.

Ufadhili nao hautoshi kila mara. Kwa miaka mingi timu ya wasichana ya divisheni ya kwanza ilikuwa na nafasi 8 za ufadhili kamili, ya wavulana nafasi 4.5 tu zilizogawanywa. Tangu mwaka wa masomo wa 2025-26, vyuo vilivyokubali utaratibu mpya havina kikomo hicho, ila timu isizidi wachezaji 10. Mzazi aulize kwa maandishi: karo, chakula, malazi na bima vinalipwa kwa kiasi gani, na kwa miaka mingapi? Ubalozi utataka kuona ni nani atakayelipa kilichobaki kabla ya kutoa viza.

Kanuni kuhusu pesa za zawadi zimekuwa zikibadilika, kwa hivyo kijana asome kanuni ya mwaka huo kabla ya kupokea malipo yoyote.

Wazazi wajihadhari na madalali. Barua ya ufadhili hutolewa na chuo chenyewe, na kocha halisi hujibu kwa anwani ya barua pepe ya chuo chake. Anayedai "ada ya kushikilia nafasi" itumwe kwa nambari yake ya simu asilipwe. Ada ya usajili wa NCAA hulipwa moja kwa moja kwenye tovuti yake, na mwanafunzi mwenyewe ndiye anayefungua akaunti.

Ripoti za kila muhula, vyeti vya mitihani, cheti cha kuzaliwa na matokeo ya mechi vihifadhiwe pamoja tangu mwaka wa kwanza. Shule ikifungwa au kuhama, nakala hizo huwa vigumu kupatikana.