Kivinjari Kilichochaguliwa kwa Bando

Simu mpya ya Android ikitolewa kwenye boksi, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, Chrome imeshakaa humo. Mnunuzi ataulizwa lugha, ataulizwa akaunti ya Google, ataombwa alama ya kidole. Hataulizwa anataka kuperuzi kwa kivinjari gani. Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini watu hupenda kivinjari hiki kuliko kile aanze na jambo moja lisilofurahisha: wengi wao hawajawahi kuchagua.

Wala si ugeni wetu wa teknolojia. Mwaka 2009 Google yenyewe ilipeleka kamera Times Square, New York, ikawauliza wapita njia kivinjari ni kitu gani. Waliojua hawakufika asilimia 8. Wengine walijibu kuwa ni Google, au Yahoo, yaani walichanganya programu inayofungua kurasa na tovuti ya kutafutia. Siwalaumu. Mtu anafungua simu ili asome matokeo ya mechi au aangalie majina ya waliochaguliwa kidato cha tano. Hafungui simu ili aitazame Chrome.

Uzito wa kile kinachokutwa ndani ya simu ulipimwa vizuri zaidi mahakamani na ofisini mwa wadhibiti kuliko kwenye maabara. Julai 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34, na katika hoja zake ililinganisha simu za aina mbili kwa takwimu za 2016. Kwenye Android, ambako Chrome na huduma ya kutafuta ya Google vilipakiwa tangu kiwandani, zaidi ya asilimia 95 ya utafutaji ulipitia Google. Kwenye simu za Windows, ambako havikupakiwa, haukufika asilimia 25. Huduma ni ileile, na haikuuzwa kwa bei tofauti, kwa sababu ni ya bure pande zote mbili. Kilichotofautiana ni nani aliyewahi kuingia ndani ya simu.

Kesi ya Marekani dhidi ya Google ilitoa tarakimu nyingine. Jaji Amit Mehta, katika hukumu yake ya Agosti 2024, alieleza malipo ambayo Google huwapa wengine ili iwe ndiyo huduma ya kutafuta inayokutwa kwenye vivinjari na simu zao. Kwa Apple peke yake, kwa ajili ya Safari, malipo ya mwaka 2022 yalikuwa dola bilioni 20. Mfanyabiashara mwenye akili timamu hatoi fedha kama hizo kwa kitu ambacho watu wangekibadilisha wenyewe kesho asubuhi.

Hata hivyo, kuna nyakati watu huhama, tena kwa makundi. Microsoft ilikiua kivinjari cha Netscape kwa kukifungasha chake, Internet Explorer, pamoja na Windows, jambo lililoifikisha mahakamani mwaka 1998. Ilipobaki peke yake uwanjani ikalala: toleo la 6 lilitoka 2001, la 7 likaja 2006. Katikati hapo matangazo yalikuwa yakichipuka kwenye skrini kama uyoga, virusi vikipenya, kompyuta za kwenye intaneti kafe zikigoma. Firefox ilipotoka Novemba 2004, ikiwa na vichupo na uwezo wa kuzuia madirisha ya matangazo, mamilioni waliifuata. Hawakuifuata kwa mapenzi ya programu huria, ingawa wapenzi wake hupenda kusimulia hivyo. Walichoshwa.

Afrika Mashariki ilikuwa na uchovu wake, na huo ulikuwa wa mfukoni. Kabla ya mkonga wa SEACOM kufika pwani yetu Julai 2009, intaneti ya ukanda huu ilitegemea sana setilaiti, na bei yake ilikuwa ya juu kweli kweli. Kwenye simu, data ilikatwa moja kwa moja kwenye salio, kwa kilobaiti. Ukurasa mmoja wenye picha ungeweza kumeza vocha uliyoikwangua muda mfupi uliopita. Simu zenyewe zilikuwa Nokia na Samsung za vitufe, zenye kumbukumbu ndogo na skrini finyu, na vivinjari walivyovipachika watengenezaji vilikuwa vinakwama katikati ya ukurasa huku salio likiendelea kupukutika.

Hapo ndipo ilipoingia Opera Mini. Kampuni ya Opera ya Norway iliijaribu kwao mwaka 2005, ikaitoa kwa dunia nzima Januari 2006. Ilikuwa faili dogo la Java ambalo simu nyingi za kawaida ziliweza kulibeba, na sehemu kubwa ya usambazaji wake hapa kwetu ilifanywa na watu wenyewe: mmoja anampa mwenzake kwa Bluetooth, darasani, kazini, kijiweni. Vijana wengine walikwenda mbali zaidi, wakawa wanapeana matoleo yaliyochezewa, yale yaliyojulikana kama Handler, ili kutafuta upenyo wa kuperuzi bila kukatwa. Kivinjari kinachosambazwa na watumiaji wenyewe kwa siri namna hiyo hakihitaji mtu wa kukitangaza.

Inafaa kueleza kilichokuwa kikifanyika ndani yake, kwa sababu ndicho kilichowavuta watu hata kama hawakukijua. Kivinjari cha kawaida kikifungua ukurasa hakiulizi mara moja. Kinaomba maandishi, kinasoma, kinagundua kuna picha ishirini, kinaziomba. Kinagundua kuna faili la mpangilio, kinaliomba. Kisha programu ndogondogo za JavaScript, nazo zinaweza kuomba vingine. Kila ombi linasafiri hadi kwenye seva na kurudi. Kwenye mtandao wa GPRS, ambao safari moja tu ilikuwa ya kusuasua, maombi hayo yakifikia hamsini unapata muda wa kuchemsha chai.

Opera Mini ilifanya kinyume. Simu ilituma ombi moja kwenye seva za Opera. Seva hizo, zenye mtandao wa kasi na mashine zenye nguvu, ndizo zilizokwenda kwenye tovuti, zikakusanya kila kitu, zikaupanga ukurasa kulingana na skrini ya simu yako, zikapunguza picha, zikabana vyote kwa muundo maalumu, kisha zikakurudishia kifurushi kimoja chepesi. Ni kama kumtuma mtu sokoni akakuletea mchicha uliokwishachambuliwa na kukatwa. Kwako unabaki kuweka sufuria jikoni. Opera ilisema data ingeweza kupungua hadi asilimia 90. Kwa mtu anayelipa kwa kilobaiti, maana yake ni kwamba hela ya ukurasa mmoja ilifungua kurasa kumi.

Mwaka 2011 watumiaji wa Opera Mini duniani walivuka milioni 100, na kwa miaka kadhaa katika nchi nyingi za Afrika ndiyo iliyoongoza kwenye simu. Mwaka 2014 Microsoft, iliyokuwa imeinunua biashara ya simu ya Nokia, iliamua Opera Mini ndiyo iwe kivinjari cha simu zake za vitufe. Kampuni ileile iliyopelekwa mahakamani kwa kuwabandikia watu kivinjari chake ikachukua cha mwingine, kwa sababu wateja wa simu hizo walikuwa wamekwisha kuamua.

Huu ndio mfano ninaoupenda kuliko yote ya historia ya vivinjari, na ni wa kwetu. Mtu ambaye hakuwahi kusoma ulinganisho wowote wa kitaalamu alifanya jaribio sahihi kabisa: alitazama salio kabla, akafungua ukurasa, akatazama salio baada.

Lakini Opera Mini ilikuwa na gharama, na si zote zilionekana kwenye salio. Sisi tunaotengeneza tovuti tuliilaani mara nyingi. JavaScript ilikuwa inaendeshwa kule kwenye seva, kwa muda mfupi, kisha ukurasa unagandishwa na kutumwa. Menyu zisizohitaji ukurasa mpya zikakataa kufunguka, fomu zikapoteza vitufe, ramani zikawa picha. Mteja alilaumu tovuti, hakuwahi kulaumu kivinjari.

Gharama kubwa zaidi ilikuwa ya siri za mtu. Yule uliyemtuma sokoni anajua ulichonunua. Ili seva iweze kuupanga ukurasa lazima iusome, hata kama tovuti imeufunga kwa usimbaji fiche. Njia kati ya simu na seva za Opera ilifungwa, na njia kati ya seva hizo na benki yako ilifungwa, ila hapo katikati ukurasa ulikuwa wazi. Opera haikuficha hilo; ilishauri anayehitaji usimbaji wa mwanzo hadi mwisho atumie kivinjari kamili. Ni wangapi waliusoma ushauri huo kwenye skrini ya Nokia? Tena mwenye seva anaweza kubadilika: mwaka 2016 biashara ya vivinjari ya Opera iliuzwa kwa kundi la wawekezaji wa China. Sisemi mauzo hayo yalidhuru mtu. Nasema mtumiaji wa Tabora au Kisumu hakupigiwa simu.

UC Browser, iliyokuwa mshindani wa karibu wa Opera Mini kwa hoja ileile ya kubana data, ilikuwa na doa la wazi zaidi. Mwaka 2015 watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walionyesha kwamba matoleo yake ya Android yalikuwa yakisafirisha taarifa za watumiaji, yakiwemo maneno wanayoyatafuta, bila kuyalinda.

Siku hizi mambo yamegeuka. Bando limeshuka bei, simu za Android zimejaa, na sehemu kubwa ya kile kilichokuwa kazi ya kivinjari imehamia WhatsApp, TikTok na programu za benki. Google nayo ilikuwa na hali ya kubana data ndani ya Chrome ya Android, ikaiondoa Machi 2022 kwa maelezo kwamba data imekuwa nafuu katika nchi nyingi. Nafuu kwa nani ni swali jingine. Opera Mini bado ipo, na katika baadhi ya nchi za Afrika imeingia makubaliano na kampuni za simu ili watumiaji wake wapate data ya bure kila siku, jambo linaloonyesha kwamba inajua vizuri mteja wake alikuja kwa sababu gani. Kwa upande mwingine simu za Tecno, Infinix na itel huja na kivinjari chao kiitwacho Phoenix pembeni ya Chrome, na wapo wanaokitumia miaka miwili bila kujua kuwa si Chrome.

Leo mtu akiniuliza kipi ni cha kasi zaidi, humjibu kwamba swali hilo limepoteza makali. Edge tangu Januari 2020, Opera, Brave, Vivaldi na kile cha Samsung vyote vimejengwa juu ya Chromium, msimbo uleule ulio ndani ya Chrome. Firefox ina injini yake, Gecko. Safari ina WebKit, na kwa miaka mingi Apple ililazimisha kila kivinjari cha iPhone kitumie hiyo hiyo, kwa hiyo Chrome ya iPhone ilikuwa Safari iliyovaa kanzu nyingine. Kuhama kutoka Chrome kwenda Edge hakubadilishi jinsi ukurasa unavyochorwa. Kunabadilisha nani anapokea kumbukumbu zako.

Na hapo kwa maoni yangu ndipo tofauti ya kweli ilipobaki. Chukua vidakuzi vya watu wa tatu, vile vinavyomwezesha mtangazaji kukufuata kutoka tovuti hadi tovuti. Firefox ilianza kuzuia vile vya ufuatiliaji bila kuombwa mwaka 2019. Safari ilivizuia vyote Machi 2020. Google iliahidi Januari 2020 kwamba Chrome ingeviondoa ndani ya miaka miwili, ikaahirisha, ikaahirisha tena, na Julai 2024 ikaachana na mpango huo. Apple huuza simu. Google huuza matangazo. Firefox haina simu ya kuuza, na inaishi kwa kiasi kikubwa kwa fedha ambazo Google huilipa ili iwe huduma yake ya kutafuta, kwa hiyo nayo si malaika anayekula upepo.

Mimi humwambia mtu atazame kwanza anachofanya. Mwenye bando la kuhesabu na simu ya kitochi, Opera Mini bado ni jibu zuri kwa habari na michezo, ila mambo ya benki na ya kodi ayafanyie kwingine. Mwenye Android ya kawaida asiyependa kufuatwa na matangazo, Firefox au Brave zitamtosha. Mfanyakazi ambaye mifumo ya ofisi yake imejaribiwa kwenye Chrome pekee, na hiyo ndiyo hali ya mifumo mingi tunayoijenga, abaki nayo kwa kazi na awe na kingine kwa mambo yake.

Kinachowafunga watu zaidi ni nywila. Miaka mitano ya kubonyeza "hifadhi" imeifanya Chrome kuwa mtu pekee anayekumbuka jinsi ya kuingia kwenye barua pepe yako. Huko Ulaya, tangu Machi 2024, sheria inazitaka Google na Apple ziwaonyeshe watumiaji orodha ya vivinjari wachague, na baadhi ya kampuni ndogo zilitangaza kupata wageni wengi. Huku kwetu hakuna skrini hiyo. Unaitafuta mwenyewe, kwa kawaida kwenye Mipangilio, kisha Programu, kisha Programu chaguomsingi. Kabla ya kubadilisha, ingia kwenye kidhibiti cha nywila cha kivinjari cha zamani uzitoe zote kama faili, kisha uzipakie kwenye kipya. Faili hilo huwa ni maandishi ya kawaida ambayo yeyote mwenye simu yako anaweza kuyasoma, kwa hiyo ukishamaliza lifute, na ulifute tena kwenye folda ya vilivyofutwa.